Umeanzia Wapi Kupima?

Marehemu, ambaye ofisini walimwita Bi Jaza na sisi wadogo zake tulimwita Dada, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi seremala na mkunga. Alipokuwa na miaka minane, baba alimtuma apime mkono wa mama unafika wapi, ili atengeneze rafu ya jikoni. Mama alikuwa amesimama kwenye kidato cha mlango, na Dada akapima kuanzia chini, uani. Namba ilikuwa safi, ila rafu ilipigiliwa juu kiasi kwamba mama aliifikia kwa kigoda mpaka anatutoka. Baba hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Umeanzia wapi kupima?"

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akapata stashahada ya upimaji ardhi. Darasani walikuwa thelathini na mmoja, msichana yeye peke yake. Wenzake walimtania kwamba kazi yake itakuwa kubeba minyororo ya kupimia, lakini mitihani ilipokaribia walipanga foleni kuazima daftari lake.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa katika ofisi ya ramani, na mwaka 1989 akahamishiwa chumba cha picha za setilaiti, chenye kompyuta mbili na kanda zilizojaa mpaka darini. Kila picha ilikuwa na karatasi yake ya maelezo: ilipigwa lini, kati ya latitudo na longitudo ipi inatangulia, na namba hizo zinahesabiwa kutoka msingi gani. Dunia imepimwa na watu wengi, na kila kundi lina pa kuanzia. Ukichanganya misingi miwili, namba ileile inakutupa mita mia tatu kutoka unapodhani umesimama.

Asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1998, baada ya mvua za wiki mbili, picha ilionyesha ufa juu ya mlima wenye makazi. Dada alimsomea mkuu wa waokoaji namba kwa simu, haraka haraka. Saa saba mchana, kikombe cha chai mkononi, akaona nafasi moja kwenye karatasi haijajazwa: msingi wa vipimo. Mkuu alikuwa akitumia ramani ya zamani, yenye msingi mwingine, na kwa kuifuata, watu mia mbili na wanne walikuwa wamehamishiwa shuleni. Ufa ulikuwa juu ya shule.

"Watoe shuleni," alimwambia mkuu kwa simu.

"Mama, ramani yangu inaonyesha hapa ni salama."

"Ramani yako haianzii nilipoanzia mimi. Watoe, nakuomba."

Wa mwisho alitoka saa nane kasoro dakika kumi. Nusu saa baadaye mlima uliifunika shule yote. Hakufa mtu, na ofisi ilimpa Dada cheti, akakificha chini ya mashuka kabatini. Tangu siku hiyo aliishi na hofu, na hakuwahi kutuficha. Hata fomu za kamati ya harusi alizirudisha mara tatu kama kulikuwa na nafasi tupu, na ndiko jina la Bi Jaza lilikotoka.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986 na dereva wa lori la maji, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji yetu husema, "Nikimwambia nakuja sasa hivi, ananiuliza sasa hivi ya kuanzia saa ngapi."

Mwezi Novemba 2023 aligunduliwa na saratani ya kongosho. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni picha mia sita na arobaini za miaka ya mwanzo, ambazo nafasi ya msingi iliachwa tupu, na ofisi ilikuwa imeanza kuzitumia kuchagua miteremko ya kujenga. Aliyekumbuka misingi yake alikuwa yeye tu. Akiwa hospitalini, kitanda namba sita, alimwelekeza jinsi ya kuzijaza bintiye, ambaye sasa anafanya kazi katika chumba kilekile. Binti aliandika na kumsomea tena kila mstari, maana kila mstari ulikuwa na nyumba za watu.

Zilibaki kumi na mbili ambazo hakuzikumbuka. Mdogo wake wa mwisho akamwambia, "Bahatisha tu, Dada, upumzike."

"Nikibahatisha, atakayesoma hatajua kwamba nilibahatisha. Andikeni haijulikani."

Binti aliandika neno hilo mara kumi na mbili. "Umejaza?" akaulizwa. "Nimejaza zote, Mama." Dada alifariki tarehe 22 Februari 2024, saa tatu na robo asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na rafu ambayo bado hatuifikii.

Kwa wenzake wa ofisini mlio hapa, familia ina ombi. Moja ya picha hizo kumi na mbili ni ya mteremko ulio juu ya mtaa huu tulimoketi, na tunaogopa. Msilifute neno lile mpaka mtu apande akapime upya. Bintiye anapanda Jumatatu.

Dada apumzike kwa amani, na hofu aliyotubebea atuachie sisi.