Saa ya Bi Delphine Inawaka, Mkaguzi Anapima

Mkaguzi wa Zimamoto, Bi Ruth Bellanger, ametamka muda mfupi uliopita, akiwa amesimama hapa hapa nilipo, kwamba karakana iliyo chini ya ukumbi huu itafungwa leo hii endapo saa mnayoiona ikiwaka ukutani itapata joto kupita kiasi kabla hajamaliza chakula chake. Amesema yeye, mimi narudia tu. Amekwisha kuchukua sahani ya pili, kwa hiyo bado tunangoja.

Mheshimiwa Meya Rolf Engebretsen, Mheshimiwa Mkaguzi, viongozi wa chama cha wachimba chuma wastaafu, wenye ukumbi huu, mzee Arvid Kivela, mwalimu wetu, ndugu wahitimu wa darasa la kwanza la saa za ukutani, wageni waalikwa, na ninyi mliofuata supu ya mchele wa mwituni: nawasalimu nyote. Nimeombwa kuhutubia mahafali haya kwa sababu ni mimi niliyeandika gazetini habari za ule moshi wa karakanani. Kupamba maneno sijui. Nitasema yaliyotokea.

Darasa hili lilikuwa la watu ambao hawajawahi kutengeneza chochote. Kila mmoja alichukua kipande cha mbao, akatoboa tundu la katikati, akafunga mashine na mishale, kisha akabandika utepe wa taa kwa nyuma ili nuru imwagike ukutani. Anayeanza hukosea, na makosa yake yanajulikana: mshale unakwaruza namba, mashine imegundishwa hata betri haibadilishiki, taa zimejaa upande mmoja, saa ikawa na mchana kwenye tatu na usiku kwenye tisa. Je, makosa hayo yaliwahi kumfungia mtu karakana? Hayakuwahi.

Bi Delphine Zupan, aliyeendesha basi la shule hadi alipostaafu, alitaka zaidi. Alichonga umbo la ziwa letu katikati ya duara la mbao, akakusudia kulijaza epoksi ya buluu, ile ya chupa mbili ambayo ukizichanganya hukauka ikawa kama kioo, na taa azizamishe humo humo. Epoksi ile humiminwa kidogo, ikaachwa ishike, ndipo ikaongezwa. Ukiimwaga yote kwa pamoja, hujipasha moto yenyewe. Lakini kesho yake msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa, naye alitaka saa iende kutundikwa kwenye kibanda cha kuwindia. Akamwaga yote.

Hakuna aliyemwona? Walimwona watu watatu. Mwalimu, mzee Arvid, alisimama kando yake akatazama ndoo nzima ikiisha, akasema, "Hiyo nayo ni njia." Marit Sorlie, muuza maua, alisogeza kiti chake nyuma. Gene, mume wa Bi Delphine, aliangalia dari. Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Bwana wee, nimeoa miaka mingi. Najua mahali pa kunyamaza."

Sisi wa huku tunajijua. Jirani akielekeza gari lake kwenye barafu nyembamba ya ziwani, tunampungia mkono kwa adabu. Kumrekebisha mtu ambaye hajauliza ni ufidhuli, na hakuna kati yetu anayetaka kuitwa fidhuli.

Epoksi ilichemka, taa zikayeyuka ndani yake, moshi ukapanda ngazi hadi kwa wazee waliokuwa wakicheza bingo humu humu. Walitoka bila makoti, wakasimama kwenye theluji. Hakuna aliyeumia. Hapo nje Bi Delphine alimgeukia mwalimu wake mbele ya watu wote.

"Mngeniambia tu! Mlisimama pale kama watu wanaongoja nyama iive!"

"Mimi nilikwambia," alisema mzee Arvid. "Nilisema hiyo nayo ni njia."

"Huko ndiko kuonya?"

"Kwetu huku, hata nilipitiliza."

Mkaguzi, aliyekuwa amekwisha kufika, alisikia maneno hayo, na ndiyo yaliyomkera kuliko moshi. Alisema, "Chupa ya epoksi ina maelekezo. Ninyi hamna. Siwezi kuwaachia umeme watu wasioambiana." Akatupa muda hadi leo. Karakana hii ikifungwa, iliyo karibu nayo iko mjini Duluth, na barabara ya kwenda huko mwezi wa Januari mnaijua ilivyo barafu tupu.

Basi ikatungwa kanuni. Anayeona hatari aseme "Simama", na anayeambiwa ainue mikono kwanza, ndipo aulize. Waliifanyia mazoezi kama kwaya. Marit alikuwa akilitamka neno hilo kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Bi Delphine alichonga mbao nyingine, akamimina kidogo kidogo, akaziweka taa nyuma ya epoksi badala ya ndani. Ndiyo ile.

Mkaguzi ameinuka. Ameweka kipimajoto mgongoni mwa saa. Uso wake hausomeki, nimejaribu. Amerudi kwenye supu.

Nilitaka kusema machache kuhusu... Naam, Marit? Hapana, hujanikatiza. Sema. Paza sauti, dada, wa meza za mlangoni hawakusikii.

Amesema. Kwa ambao hawakusikia, amesema "Simama", na kidole amemnyooshea Mkaguzi wa Zimamoto. Koti la Bi Bellanger limeteleza kitini na kuifunika adapta ya taa pale sakafuni. Ni koti la baridi, zito.

Mkaguzi ameinua mikono yote miwili. Mmoja una kijiko.

Gene amechomoa waya. Koti limeondolewa, kipimajoto kiko juu ya adapta. "Imeanza kupata moto," anasema Mkaguzi. "Isingeishia hapo." Sasa anamuuliza Marit ameliona lini.

"Tangu huyu anayehutubu alipotaja epoksi."

"Mbona umekawia?"

"Nilikuwa najitayarisha."

Na huyo ni Bi Delphine, kutoka meza ya mbele: "Koti la Mkaguzi limepata 'Simama', mimi nilipata moshi!"

Chekeni, lakini Mkaguzi hajacheka. Tumpe nafasi.

Haya. Nayatoa kama alivyoyasema. Mgongo wa saa umebaki baridi. Karakana haitafungwa leo. Adapta zote zifungwe ukutani, hata moja isionekane sakafuni. Dada Marit awe zamuni kila karakana inapofunguliwa, na ajitayarishe haraka zaidi. Hicho ni kibali cha muda. Cha kudumu kitapigiwa kura na baraza la mji, na yeye Mkaguzi hana kura.

Nawapongeza wahitimu. Nawashukuru wenye ukumbi, wapishi, na ninyi nyote mlionipa masikio huku macho yenu yakiwa ukutani, mahali yalipostahili kuwa.

Mheshimiwa Meya, asubuhi nilikuuliza kura yako itaelekea wapi, ukanijibu, "Tutaona." Baraza linakutana Jumatatu, tarehe tisa Desemba, saa moja jioni. Wahitimu wote waje na saa zao, migongo ya saa ikiwa wazi, baraza lipime lenyewe.