Usingizi wa Koplo Maingi

Waombolezaji wenzangu, kabla sijaikunjua karatasi hii, kila mmoja aape kwamba haya hayatavuka lango la mtaa wetu wa Maringo, maana mimi Koki, dada mkubwa wa marehemu, nilimwapia wifi yangu Nzilani nisiyatamke kamwe, na sasa nayatamka.

Koplo Joram Maingi alizaliwa Mwala tarehe 9 Mei 1940, akasoma hadi darasa la saba, akaingia jeshini tarehe 2 Machi 1964, akamwoa Nzilani Desemba 1968, baada ya kukataliwa mara mbili, wakajaliwa mabinti watatu.

Aprili 1977 alirudi kutoka lindo la mpakani, miezi kumi na moja bila likizo, mwili mzima lakini kichwa kimechoka, akawa anatia chumvi kwenye chai, anapita mlango wake na kubisha kwa jirani, Mama Anyango, nasi tukasema mengi, Mungu atusamehe. Wenzake walimfichia kambini, Nzilani akamfichia nyumbani, tukihofia kwamba atafukuzwa, mpaka siku aliporudisha bunduki ghalani na risasi ndani, ikafyatuka, nusura amuue mwenzake.

Ndipo mtu akamwandikia afande wake, mnyang'anyeni bunduki, mpeni usingizi. Wakampeleka hospitali, akalala wiki mbili, daktari akamfundisha kusema nimechoka kabla hajaanguka, kisha akarudishwa kazini, ila jikoni, akaanza tena kucheka. Lakini bunduki aliitamani hadi mwisho, lori la jeshi likipita Jogoo Road aliacha chakula, akasimama dirishani mpaka mlio upotee.

Kila Krismasi aliniuliza, "Dada, nani aliniuza? Nikimjua nitamzaba kofi, halafu nimshukuru." Nikamjibu, "Watu wa Maringo wana midomo, ndugu yangu."

Alishikwa na homa ya mapafu Juni 1986, akatuacha tarehe 3 Julai. Tunawashukuru madaktari, majirani mliotupikia, na askari wenzake mliombeba.

Na lile mlilolishuhudia asubuhi tulipokuwa tukimuaga, Nzilani akiudaka mkono wangu ndani ya jeneza na kupiga kelele, "Wifi, unamwibia maiti?", sikuwa naiba, nilikuwa namtilia mfukoni barua ya kwanza kwa afande, ile niliyoilowesha kwa machozi kabla sijaandika nyingine safi. Sasa anayo Nzilani, ameisoma, mwandiko wangu anaujua, nanyi nyote mnanitazama. Ni mimi, Maingi. Pumzika, ndugu yangu, hakuna wa kukuamsha.