Tunamwombea Sodiamu Wetu

Risala ya darasa la sayansi, Bujumbura, 1998. Msomaji: Soumaya.

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Elimu. Walimu na wazazi wetu: karibuni sana, na poleni na vizuizi vya njiani tangu mtaa wa Kigobe.

TULIVYOANZA
Vita vilipopita hapa maabara iliungua yote. Mwalimu Sylvère hakukata tamaa. Alitupanga uwanjani kama jedwali la elementi, kila mmoja na elementi yake, mikono ikionyesha ukubwa wa atomu: ukienda kulia mikono inakunjwa, maana kiini kinavuta zaidi, ukishuka chini inafunguliwa, maana tabaka la elektroni limeongezeka. Watoto wa mitaa isiyosalimiana tukajikuta bega kwa bega. Wapita njia walitucheka sana.

MAFANIKIO
Sasa hata usingizini tunajua kwamba katika safu ya kwanza, kadiri unavyoshuka, metali huzidi ukali ikiguswa na maji. Chabani, lithiamu, ni mpole. Soumaya, huyu anayewasomea, ni potasiamu, hashikiki, na hilo hata mama yake analijua.

LINALOTUUMA
Kati yao husimama Caritas, sodiamu. Muhula uliopita mapigano yalifunga barabara ya kambi anakoishi na wakimbizi wa vita, asifike. Mkaguzi alipokuja tuliona haya kuonyesha pengo, Soumaya akapanda akaliziba. Safu nzima ikawa ya uongo, majibu yakaenda kombo. Mwalimu akafoka: "Apana! Musizibe nafasi ya mutu! Angalieni mwenye iko juu yake na mwenye iko chini, mutajua yeye iko namna gani."

Tangu hapo pengo tuliliacha wazi, tukajifunza sodiamu kwa majirani zake: mkali kuliko Chabani, mpole kuliko Soumaya. Juzi barabara ilifunguliwa, Caritas karudi. Kumbe kule kambini alikuwa akiwapanga wenzake safu hizohizo! Lakini ameambiwa aliyekosa muhula hafanyi mtihani wa taifa. Alilia, nasi tukalia naye.

OMBI
Tulitaka kuomba madawati, chaki na chupa za maabara. Mgeni rasmi, hayo yote tumeyaacha. Tunaomba Caritas afanye mtihani. Akifeli, tutanyamaza.

Mwenyezi Mungu aipe Burundi amani, akulinde wewe na walio nyumbani kwako. Caritas amesimama nje ya geti; mlinzi kamzuia kwa kukosa sare. Jibu lako, tunakusihi, mpe yeye mwenyewe.

Ni sisi, darasa la sayansi, tuliopungukiwa na mmoja.