Rispa Nabalayo Khisa, 1903–1958: Aliyecheza na Watoto wa Pareto Mpaka Wakasema

Ndugu na majirani mliofika Subukia leo, Jumamosi tarehe 13 Desemba 1958, tunayemzika ni Mama Rispa Nabalayo. Alizaliwa Kimilili mwaka 1903, wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Wekesa.

Alisoma misheni miaka miwili. Kusoma alikujua, kuandika kulimshinda, na hakuona haya kulisema. Mwaka 1921 aliolewa na Yohana Khisa, fundi wa reli, wakahamia Nakuru. Mungu aliwajalia watoto wawili. Yohana alipofariki mwaka 1949, mama alikuja hapa kambini kwa mwanawe Naftaly, dereva wa trekta shambani.

Kazi yake ilikuwa kuwaangalia watoto wa wachumaji wa maua ya pareto. Nyapara alitaka wanyamaze. Wapi! Kutwa nzima walipika udongo kwenye mikebe, wakauziana chai ya vumbi, na yeye akiwa mnunuzi msumbufu. "Hii ni chai ama ni maji?" angeuliza, kisha akunje mikono na kungoja. Mtu mzima akijibu, alimkatiza: "Sikuuliza wewe." Mtoto akijibu kwa Kikuyu, Kijaluo au Kikipsigis, alilipokea neno, akalirudia, akaliongezea lingine. Wengine tulidhani ni mchezo wa bibi asiye na kazi. Tulikosea.

Kisha akaja Jerop, binti wa mchumaji Jepkoech, aliyetimiza miaka mitatu bila kutamka neno. Dada zake walimpenda kupita kiasi. Akinyoosha kidole tu, kikombe kimefika. Nasi watu wa kambi tulizidisha kosa. Tuliamini lugha nyingi zimemfunga ulimi, tukakubaliana asisemeshwe mpaka aanze mwenyewe. Mama Rispa alikasirika. "Mtoto hanyimwi maneno ndio ajue kusema," alisema. "Kwani mnamnyima uji ndio ashibe?"

Mwezi wa Septemba mwaka huu Jepkoech alikata tamaa. "Mama, huyu ni bubu tu. Nampeleka kwa mama yangu Molo, akae na ndama."

"Niachie yeye mpaka Krismasi," Mama Rispa alimwomba.

Tangu siku hiyo walikuwa chanda na pete. Alimketisha mbele yake, akamtajia kila alichokishika: jiwe, jani, kifuniko. Jerop akigeuza mkebe kuwa ngoma, mama aliacha kupika, naye akapiga ngoma. Kisha alinyamaza na kumtazama usoni, akingoja. Mtoto alicheka. Hakusema.

Mwishoni mwa Oktoba kifua kilimbana mama. Alikohoa na bado akaenda kazini, kwa kuwa siku zilikuwa zinakwisha. Tarehe 28 Novemba alilazwa hospitalini Nakuru, akaambiwa ni nimonia. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kwanza, kabla ya salamu, "Amesema?" Tulimjibu, "Bado, Mama." Naftaly alitamani kumdanganya, lakini naye alijibu hivyo hivyo. Mara ya mwisho aliuliza Jumatano. Alhamisi, tarehe 11, saa kumi na moja alfajiri, alituacha. Inatuuma kwamba hilo ndilo jibu alilokwenda nalo.

Mama Rispa ameacha mwanawe Naftaly, binti yake Nasimiyu, wajukuu tisa, ndugu yake Enoka, na watoto wa kambi hii, wote waliomwita Kukhu, yaani nyanya. Jana jioni mwili ulipofikishwa nyumbani, Jerop alipenya katikati ya miguu ya watu. Aliweka kiganja juu ya sanduku, akasema, "Kukhu, amka." Kisha akangoja.

Jepkoech alimbeba, akalia hadi tukamshika. Nguo za mtoto alizokuwa amezifunga kwa safari ya Molo amezifungua.

Ee Mungu, sisi tumechelewa. Mwambie wewe kwamba amesema, kisha umlaze kwa amani.