Lebo za Vichupa: Maneno ya Kumuaga Sista wa Kliniki ya Jumanne

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, waheshimiwa madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wazazi wenzangu mliojibanza nyuma kana kwamba mtaulizwa maswali, salamu kwenu nyote.

Mimi ni fundi cherehani, kuhutubia si kazi yangu. Nimeombwa kumuaga muuguzi wetu wa kliniki ya Jumanne anayestaafu leo, ambaye sisi humwita Sista Lebo, na yeye anajua.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilimleta hapa mwanangu wa miaka minne, goti limevimba kama boga. Ana hemofilia, damu yake haigandi upesi, na ilikuwa ikivujia ndani ya goti. Sista akatoa kichupa cha dawa ya kugandisha damu. Nikamuuliza imetengenezwa kwa nini.

"Kwa utegili, dada. Yale majimaji ya damu wanayochangia watu."

Nikambeba mwanangu, nikashika njia ya mlangoni. Mlitaka nifanye nini? Kaka yangu alikuwa na ugonjwa huohuo. Alitibiwa kwa dawa ya namna hiyo zamani, ikamwambukiza virusi, tukamzika. Niliogopa, na siwafichi.

Sista hakunifokea. Alinifuata kwenye korido, akaketi nami kwenye benchi.

"Pole, dada. Enzi hizo virusi havikuwa vinauawa. Siku hizi kila anayechangia anapimwa, kisha dawa yenyewe inapashwa joto na kutiwa kemikali ya kuviua. Sikuapii kwamba hatari ni sifuri. Ila goti hilo halitungoji."

Akabandua lebo ya kichupa, akaibandika kwenye daftari langu. "Hii ndiyo namba yake. Likitokea lolote, tunajua pa kuanzia kutafuta." Nikarudi ndani.

Kesho yake uvimbe ulianza kupungua. Nilipofundishwa kuchanganya mwenyewe dawa, ambayo ni unga, na maji yake, niliitikisa kama ya kikohozi, ikawa povu tupu. Sista akanitazama, akaniuliza, "Unafua?" Tangu hapo hapa kliniki naitwa Mama Povu. Haya, chekeni.

Leo madaftari ni matano, hakuna lebo iliyorukwa, na hakuna kipimo cha virusi kilichorudi kibaya. Mwanangu anajidunga mwenyewe. Ni fundi umeme, anapanda ngazi siku nzima, na hizo ngazi zinanipandisha presha kuliko hemofilia.

Ndugu zangu, wiki iliyopita binti yangu aliambiwa kwamba mimba yake ni ya mtoto wa kiume. Ugonjwa huu hupitia kwetu kina mama, kwa hiyo huenda mjukuu wangu akazaliwa nao. Yeye akaniuliza jambo moja tu: "Mama, Jumanne wanafungua saa ngapi?"

Sista, mimi nilikuja kwako nikakimbilia mlangoni. Mtoto wangu anauliza mlango unafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia ni saa mbili asubuhi, na asichelewe.

Ustaafu mwema, dada yangu. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunivumilia.