Nilivyokuwa Mita ya Uzio

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, hamjambo? Mama mwenye nyumba ameniomba nishuhudie wakati chai inachemka, kwa hiyo sitawachelewesha. Majina sitaji. Waliokuwepo wanajijua, na ambao hamkuwepo hamjakosa kitu.

Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa na mashamba ya mlimani yakapata wamiliki wapya. Mimi mtu wa mjini, kazi yangu kupatana bei, nikapata kibarua kwenye shamba la maua kule juu, karibu na msitu wa Meru. Mke wangu naye akapata. Tukapewa chumba kambini. Shamba lilizungushiwa uzio wa umeme wa kuzuia tembo, umeme unaopiga na kuacha, unapiga na kuacha. Kila asubuhi ilibidi ijulikane una nguvu kiasi gani.

Kipimo kilikuwepo, kimetoka Ulaya. Nyapara alikifungia kabatini. "Kisije kikaharibika," alisema. Akanichagua mimi niwe kipimo.

Ndugu zangu, nawaambia jinsi binadamu anavyopima uzio. Unachuma jani bichi, unagusa waya kwa ncha, unasikilizia umeme umefika wapi mwilini. Mimi nimesimama kwenye tope, nyapara kavaa gambuti kavu.

"Leo ngapi?"

"Kiwiko, bosi."

Kidole maana yake tembo wataingia. Kiwiko si haba. Bega ni salama. Juu ya bega kulikuwa na meno, yanagongana yenyewe. Wenzangu walicheka, na mimi ningecheka kama ningekuwa wao. Wakaniita Mita. Wageni wa shamba wakija, "Mita, waonyeshe!" Naonyesha. Mmoja alinipigia makofi.

Msimu wa mvua mkono ukaanza kutetemeka wenyewe. Nyapara akaona.

"Mita mbovu hubadilishwa. Jumatatu mkeo ashike jani."

"Bosi, ni mjamzito."

"Vizuri. Tutapata vipimo viwili kwa jani moja."

Watu wakacheka. Narudia, walicheka. Na tungekataa, chumba kinarudi kwake, na mke wangu anajifungulia barabarani.

Jumamosi nikashuka mjini, Sokon One, kwa fundi redio mmoja.

"Mangi, nataka kitu cha kupima uzio wa umeme."

"Una kichaa?"

"Ninacho nusu. Nusu nyingine unauzaje?"

Nikachagua rizista moja, kile kipande cha redio kinachobana umeme, nene ya kutisha. Akaninyang'anya. "Moja haitoshi hata iwe kubwa kama gunzi. Umeme mkali hauingii ndani yake, unaruka juu na kuja kukusalimia. Unganisha nyingi, mstari mmoja, kila moja ibebe kidogo." Akazing'oa kwenye redio zilizokufa. Vitaa tukavitoa kwenye bisibisi za testa, zile zinazowaka zikigusa umeme. Nikapatana naye kila kipande mpaka akasema, "Chukua vyote, uniondokee!" Nikahesabu, nikahesabu tena.

Tuliuingiza mstari ule ndani ya bomba la plastiki, vitaa vinne vikichungulia, tukamimina nta ya mshumaa ili unyevu usipate njia. Chini ukatoka waya wenye msumari.

"Msumari kwanza ardhini, ndipo uguse uzio," akaniambia. "Ukisahau msumari, wewe ndiye msumari."

Lakini taa haisemi ni ngapi. Lazima uilinganishe na kipimo kingine. Cha Ulaya kiko kabatini. Kingine kilikuwa mimi.

Jumapili nyapara akiwa kanisani, nikaning'iniza bomba kwenye uzio. Mke wangu akasimama mbali kuhesabu taa. Nikalaza majani mabichi marefu juu ya waya, yakigusa ardhi, ili umeme uvujie humo upungue, nikachuma jani langu.

"Moja!" akaita.

"Kidole."

Nikatoa majani kidogo.

"Mbili!"

"Kiwiko."

"Tatu. Baba, acha sasa."

"Bega."

Nikatoa majani yote. "Nne!" Meno yalikuwa na kazi. Akaelewa, akaketi chini akalia. Hapo ndipo nilipogeuka mtu mwingine, ndugu zangu. Maumivu yale kwa mara ya kwanza yalikuwa yangu, mimi ndiye niliyeyatuma.

Jumatatu nyapara alikuja na jani tayari, akamnyooshea mke wangu. Nikapita katikati, nikachomeka msumari, nikagusa uzio. Taa tatu.

"Bega, bosi."

Akalitazama bomba, akalichukua, akalitia kwapani. "Nitalifungia kabatini. Lisije likaharibika." Akamnyooshea mke wangu tena jani.

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, na nikitengeneza, natengeneza viwili. Nikatoa bomba la pili kwenye koti, msumari kwanza ardhini. Taa tatu. Safari hii watu walimcheka yeye.

"Nani kasema hilo linasema kweli?" akafoka.

"Jani unalo, bosi. Hakikisha mwenyewe."

Alilishika muda mrefu. Kisha akalidondosha.

Mke wangu hakugusa waya ule. Mtoto alizaliwa chumbani, mzima. Nilipohama niliwauzia wenye mashamba mengine mabomba kama yale, na sikupunguza bei. Nyapara alipandishwa cheo. Nilikutana naye Elerai juzi, mkono wake umetulia kama meza.

Namshukuru fundi aliyeninyang'anya ile rizista nene. Namshukuru mke wangu aliyehesabu huku akilia, na hakukosea. Na mkipewa kazi, ulizeni kwanza kipimo kiko wapi. Mkiambiwa kabatini, angalieni nani anatazamwa badala yake.

Basi, mama, chai naona iko tayari. Kikombe changu nijazie nusu tu. Kikijaa, kinamwagika.