Mzee Chaquir na Kiu ya Estrela

Tarehe 30 Juni 2025, Mzee Chaquir Abdurrazaque anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kutunza farasi katika hoteli yetu hapa Palma. Mkurugenzi aliniomba niandike kitu kifupi na cha kuchangamsha kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Kifupi nitajitahidi.

Alipoajiriwa mwaka 1999 alikuwa mkulima wa kijiji cha Quiterajo aliyezoea mbuzi tu. Farasi wa kwanza alimkanyaga mguu, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Tangu hapo hakuingia zizini bila kupiga hodi. Kabla ya kujaza ndoo alionja maji kwanza, kwa kuwa kiangazi kikikaza, visima vyetu huingia chumvi. Wageni walicheka sana, tena wakampiga picha.

Septemba 2023 aliona kwamba Estrela, farasi jike wa miaka kumi na tisa, anakunywa kupita kiasi na kukojoa ovyo. Alikuwa anakula, lakini mbavu zilianza kuhesabika. Manyoya yalififia, na meno yalijaa ukoga mgumu ambao mwaka uliotangulia haukuwapo. Mzee akawa anachora mstari wa mkaa mlangoni kwa kila ndoo. Mistari ilipofika minane kwa siku, alikuja ofisini.

Hapo ndipo tulipokosea, na nasema "tulipokosea" kwa kujistahi tu, maana aliyetia sahihi ni mimi. Mimi, Delfina, ndiye msimamizi wa vifaa. Nyumbani kwa Mzee walikuwa wamejaa jamaa zake kumi na mmoja waliokimbia vita Quiterajo, na bomba la mtaa wao lilikuwa kavu. Nikaamua kwamba maji yetu yanakwenda kwa wakimbizi, na kwamba matandiko ya zizi yanalowa kwa uvivu wake. Nikamwandikia barua ya onyo. Nikalitia kufuli bomba la zizi, na Estrela akawa anapata ndoo mbili asubuhi, mbili jioni.

"Dona Delfina," aliniambia, "mnifungie mie maji, si huyu. Huyu mgonjwa, na kusema hawezi."

Nilimjibu asinifundishe kazi. Kufuli lilikaa siku tisa.

Daktari wa mifugo, Olívia, alipofika kutoka mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, Estrela alikuwa amevimba chini ya tumbo na hataki kula. Vipimo vya damu na mkojo vilionyesha figo zilizokuwa zikifa polepole kwa muda mrefu. Figo za namna hiyo hazirudi, alisema, ila huweza kupunguziwa mzigo. Aliusimamisha unga wa kutuliza maumivu tuliokuwa tukimpa kwa ajili ya kwato, akakataza lusini, yale majani makavu ya magunia, akaagiza nyasi mbichi na maji matamu yasiyokatika. Kumnyima maji, alisema mbele ya wote, kumemharibia zaidi.

Mzee hakunitazama. Alichukua ndoo akaenda kuchota.

Estrela aliishi miezi kumi na sita zaidi. Alipimwa damu mara kwa mara, akarudisha mwili kidogo, akikatiwa nyasi kila alfajiri na mtu tuliyemwita mwizi. Alikufa Februari mwaka huu. Jamaa za Mzee walikuwa wamehama kwake zamani, wiki ileile ya barua, wakisema hawataki kumponza. Wengine mpaka leo Mzee hajui walipo.

Barua yangu bado imo katika faili lake. Nimeomba mara mbili iondolewe, nikaambiwa karatasi yenye mhuri haifutwi. Leo atapewa cheti na saa ya ukutani, na watu watapiga makofi. Nina hasira na makofi hayo, kuanzia na yangu.

Kwa kuwa hoteli haikuandika, naandika mimi katika ratiba hii ambayo kila aliyealikwa anayo mkononi: Mzee Chaquir hakuchukua hata kopo moja la maji. Nilimsingizia.

Asante, mzee wangu, kwa miaka yote. Tunakutakia afya, mavuno mazuri na nyumba iliyojaa watu wako. Msamaha siuombi hapa mbele ya halaiki, usije ukalazimika kunipa.